Sukari Ukutani

Nyumba nambari 7 ya Great George Street, mjini Bristol, ni nzuri. Naanza hapo kwa makusudi. Wengi wanaoandika kuhusu nyumba za aina hii huliruka jambo hilo haraka ili wafike kwenye lawama, na wengine wakilifikia hutia nanga, wasiende mbele. Mimi nataka kuyashika yote mawili kwa pamoja: uzuri wenyewe, na swali ambalo uzuri huo unaliibua. Je, yafaa kukipenda kitu ambacho gharama yake ilibebwa na mtu asiyeulizwa?

Tuitazame kwanza. Mtaa wenyewe ni mfupi, unaanzia Park Street na kuelekea kilima cha Brandon. Nyumba ilijengwa mnamo 1790 hivi, na ramani yake inahusishwa na William Paty, mtu wa ukoo wa wajenzi na wachoraji ramani ambao kazi zao bado zimejaa jijini. Mtindo wake unaitwa kwa jina la wafalme wanne wa Uingereza, wote wakiitwa George, waliofuatana tangu 1714 hadi 1830. Ukitaka kuuelewa mtindo huo usitafute mapambo, tafuta vipimo. Ukuta wa mbele wa mawe ya chokaa umetulia kama maji ya asubuhi. Mlango una taji dogo la pembe tatu juu yake. Madirisha yamepangwa kwa safu, hili juu ya hili, na hakuna lililokaa upande.

Madirisha hayo ndiyo yanayosema. Katika nyumba nyingi za zama hizo, dirisha refu kuliko yote huwa kwenye ghorofa ya kupokelea wageni. Kadiri unavyopanda, madirisha yanafupika, hadi yale ya juu kabisa yanakaribia kuwa mraba. Kanuni ni kwamba chumba chenye heshima zaidi hupata dirisha refu zaidi. Wageni na wenye nyumba wako katikati, watumishi wanalala darini chini ya paa, na jikoni iko chini kabisa, nusu ndani ya ardhi. Mpita njia aliyesimama barabarani, hata kama hakuwahi kuingia ndani, aliweza kuisoma nyumba na kujua nani anaishi wapi na anathaminiwa kiasi gani. Jicho linasema "inapendeza" kabla akili haijatambua kwamba kilichopangwa vizuri hapo ni watu.

Leo nyumba hiyo ni makumbusho ya jiji, vyumba 11 katika ghorofa nne. Pia imo katika orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa, katika Daraja la Pili lenye nyota. Uingereza wana madaraja matatu. La Kwanza ni la majengo ya kipekee kabisa, la Pili lenye nyota ni la yale yenye umuhimu zaidi ya kawaida, na la Pili tupu ndilo lenye majengo mengi. Orodha ya England ina takriban maingizo 400,000, na chini ya 6 katika kila 100 ndiyo yaliyopewa nyota hiyo. Jengo likishaingia humo, huwezi kung'oa dirisha lake, kuvunja ngazi zake wala kubadilisha ukuta wake wa ndani bila kibali. Ukifanya hivyo ni kosa la jinai.

Nasoma shahada ya uzamili katika uhifadhi wa urithi, na sheria hii ndiyo mkate wangu wa kila siku. Naipenda. Natoka mahali ambapo nyumba ya miaka 150 huweza kuanguka usiku wa mvua, na asubuhi watu wakakusanya mbao. Lakini kila nikiisoma sheria hiyo huwa najiuliza inalinda nini hasa. Jibu lake la kwanza ni umuhimu wa usanifu na umuhimu wa historia. Neno la kwanza naliona ukutani. La pili sharti niulize: historia ya nani?

Hapa Kiswahili chenyewe kinanipa mtego. Tunasema: "Fulani amejenga." Tukisikia hivyo hatumwoni fulani kashika kijiko na jamvi la zege. Tunajua ametoa pesa. Fundi ndiye aliyejenga, na saidia fundi ndiye aliyebeba ndoo, lakini kitenzi tumempa mwenye mfuko. Basi tukisema John Pinney alijenga nyumba Great George Street, tunasema kweli kwa lugha yetu, na hapo hapo tumeshaficha kitu. Wajenzi wa Bristol walioyapanga yale mawe walilipwa. Lakini pesa waliyolipwa ilitoka wapi?

Ilitoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibi, chenye kilomita za mraba zipatazo 93. Pinney alirithi mashamba ya miwa huko, akaenda kuyasimamia katika miaka ya 1760, na akarudi Uingereza mwaka 1783 akiwa tajiri. Shamba lake liliitwa Mountravers. Sukari si zao la kuvunwa tu. Muwa ukishakatwa lazima ukamuliwe upesi kabla utamu haujaharibika, kwa hiyo msimu wa mavuno ulikuwa kazi ya mchana na usiku. Watu waliochoka walisukuma miwa katikati ya magogo ya kusaga, na katika mashamba ya visiwani shoka liliwekwa karibu ili mkono wa mtu ukinaswa ukatwe kabla mwili wote haujavutwa. Kisha maji ya muwa yalichemshwa sufuria baada ya sufuria, kwenye joto ambalo mtu wa pwani ya Afrika anaweza kulikisia lakini hawezi kulijua. Wote waliofanya kazi hiyo walikuwa mali ya mtu. Ile rangi tulivu ya ukuta wa Great George Street ni sukari iliyogeuzwa jiwe.

Mmoja wa watu hao alihamia ndani ya nyumba yenyewe. Aliitwa Pero. Pinney alimnunua mwaka 1765, Pero akiwa na umri wa miaka 12, pamoja na dada zake wawili, Nancy na Sheba, mmoja wa miaka 8 na mwingine 6. Alifundishwa unyozi, akawa mhudumu wa bwana wake, na alijua hata kung'oa meno. Alipoletwa Bristol dada zake hawakuletwa. Akafa mwaka 1798 bila kupewa hati ya uhuru. Mwaka 1999 jiji lilifungua daraja la waenda kwa miguu bandarini, lenye pembe mbili kubwa kama za baragumu, na likaitwa kwa jina lake.

Maandishi mengi humwita Pero mtumishi. Mimi neno hilo linanikwaza kwa sababu ya sarufi. Mtumwa na mtumishi ni watoto wa mzizi mmoja, *tuma*. Mtumishi ni mtendaji, yeye ndiye anayetumika, na jina lake limembakizia kitendo. Mtumwa ni mtendwa: ametumwa, na aliyemtuma hatajwi hata kwenye neno. Tofauti ya silabi mbili tatu imebeba swali lote la nani mwenye mkono na nani mkono wa mwingine. Mtu aliyetembea ndani ya nyumba hiyo akiwa nadhifu, akimnyoa bwana kila siku, kwa macho ya mgeni alikuwa mtumishi. Kwa kumbukumbu za mali alikuwa mtumwa.

Najua pingamizi linalokuja, kwa sababu nimelisikia darasani mara nyingi: tusiwahukumu watu wa kale kwa macho ya leo, wao waliishi katika dunia yao. Pingamizi hili lina heshima yake, na kuna mahali nalikubali. Lakini kwa Pinney halifiki mbali. Yeye mwenyewe, baada ya kununua watu kwa mara ya kwanza, aliandika barua kwamba alishtuka kuona miili ya binadamu imetandazwa kwa kuuzwa. Kisha akajituliza kwamba bila shaka Mungu aliwaumba kwa manufaa ya watu kama yeye, la sivyo angeonyesha ishara. Tazama mpangilio wa mawazo hayo. Dhamiri ilitangulia, hoja ikaja nyuma kuifunika. Basi si macho yangu ya leo yaliyomhukumu, ni macho yake ya siku ile, kabla hajayafumba. Isitoshe, Pero naye alikuwa mtu wa kale. Tukisema "watu wa zama zile waliona sawa," tumeshaamua nani ahesabiwe kuwa mtu wa zama zile.

Hapo ndipo nilipoanza kuiona nyumba upya. Nilidhani uzuri wake ni kitu kimoja na uovu wa pesa zake ni kitu kingine, kama mafuta na maji. Lakini ukiishuka nyumba hadi chini, kwenye jikoni na vyumba vya kazi, kuna bwawa dogo la mawe la kuogea maji baridi, anasa ya mwenye nyumba, lililowekwa sakafu ile ile ya wapika na wafua. Ukipanda tena unaingia kwenye ukumbi wa chakula ambao haukuonyeshi moshi wala jasho. Nyumba za namna hii zilibuniwa ili sahani ifike mezani kana kwamba imejileta. Na kinachofanyika kati ya orofa ya chini na orofa ya juu ndicho kilichofanyika kati ya Nevis na Bristol, kwa kipimo kikubwa zaidi. Huku kuna kijiko cha fedha na bakuli la sukari nyeupe, kule kuna shoka kando ya magogo ya kusaga, na katikati kuna bahari nzima ya kutoona. Kutoona huko kulijengwa kwa ustadi, na ustadi huo ndio tunaousifu kwa jina la utulivu.

Kama ndivyo, je, tumwambie mgeni aache kuupenda? Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu, na kilichonikwamua hakikutoka chuo kikuu. Kilitoka madrasa. Wanazuoni wa fikihi walijadili zamani: mtu akiswali katika ardhi iliyoporwa, swala yake inasihi? Kwa kauli mashuhuri ya madhehebu ya Hanbali, haisihi, kwa sababu haiwezekani kitendo kile kile kiwe utiifu na uasi. Kwa wengi wengine, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi ambayo pwani yetu inayafuata, swala inasihi lakini mwenye kuswali ana dhambi ya kuikalia ardhi ya watu. Nilipokuwa mdogo nililiona swali hilo ni la watu wasio na kazi. Sasa naliona ni miongoni mwa maswali makali niliyowahi kufundishwa, kwa sababu linakataa njia mbili za mkato. Linakataa kusema swala njema inaisafisha ardhi. Na kwa upande wa Shafi, linakataa pia kusema ardhi chafu inaifuta swala. Kila kimoja kinabaki na hesabu yake.

Nikiipeleka kanuni hiyo Great George Street, napata jibu ninaloweza kuishi nalo. Uzuri unasihi. Vipimo vya Paty havikuwa uongo, na jicho langu likitulia juu ya madirisha yale sijadanganywa. Lakini deni limebaki palepale lilipokuwa, halijapunguzwa hata kwa kokoto moja na uzuri huo. Wenzangu wawili darasani wana misimamo ya kila upande. Mmoja anasema nyumba kama hizi zingebomolewa tungepumua. Mwingine anasema jiwe halina dini, tulitunze na kunyamaza. Wa kwanza anadhani deni linafuta uzuri, wa pili anadhani uzuri unafuta deni. Kwangu wote wawili wamefanya kosa lile lile la hesabu.

Itanibidi nitofautishe nyumba na sanamu. Tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji wa Bristol waliangusha sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara aliyeshiriki katika biashara ya watumwa, wakaiburuta na kuitumbukiza bandarini, karibu na daraja la Pero. Sikuhuzunika. Sanamu juu ya kiti chake ni sentensi, na inasema kuwa huyu ni wa kuheshimiwa. Mji una haki ya kuifuta sentensi iliyokoma kuiamini. Nyumba haisemi hivyo. Nyumba ni shahidi, na shahidi havunjwi kwa kuwa alikaa na mkosaji. Ukiivunja nambari 7, anayefaidika ni yule ambaye angependa kusiwe na pa kuonyesha kidole. Hii ndiyo sababu yangu ya kuitaka ilindwe, nayo ni tofauti na ile iliyomo kwenye sheria.

Lakini ni rahisi mno kwa mtu wa Unguja kuandika haya yote kuhusu Bristol. Nyani haoni kundule.

Mji Mkongwe nao umelindwa, tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Milango yake ya nakshi ndiyo inayopigwa picha kuliko kitu chochote kisiwani. Pembezoni mwa fremu nyingi kumechongwa mnyororo. Watembeza watalii wengine watakwambia mnyororo ule ni alama kwamba mwenye nyumba alifanya biashara ya watumwa, wengine watasema ni ulinzi wa nyumba dhidi ya shari. Pale Shangani ipo nyumba ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, aliyefariki 1905, ambaye misafara yake ilitoa bara pembe za ndovu na watu. Mashamba ya karafuu yaliyotajirisha mji katika karne ya 19 yalilimwa na watumwa. Soko lao lilifungwa 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa Unguja na Pemba mwaka 1897. Haya hayako mbali. Bibi yake bibi yangu alikuwa mtu mzima.

Kwetu jambo hili haliko makumbusho, liko sebuleni. Binamu yangu wa kike aliposwa miaka michache iliyopita. Kijana alikuwa na kazi, ana adabu, wazee wake walikuja kwa heshima zote. Shangazi mmoja akauliza swali moja tu, kwa sauti ya upole: "Asili yao nani?" Kukawa kimya. Mtu mwingine akajibu kwamba babu wa babu alikuwa "wa nyumba ya" watu fulani, nyumba ya mlango mkubwa, na kila aliyekuwepo akaelewa kwamba "wa" huyo si wa kuzaliwa. Posa ilirudishwa kwa maneno mazuri. Binamu yangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Mlango wao tunauonyesha wageni, mjukuu wao tunamfungia." Hakuna aliyemjibu.

Sijasikia, katika vitabu vyote vya uhifadhi nilivyopewa kusoma, sentensi iliyoeleza kazi yetu vizuri kuliko hiyo. Kuhifadhi kwetu mara nyingi ndiko huko. Tunaulinda mlango na tunamfungia mjukuu. Tunatunza alichokifanya mwenye mali na tunaendeleza, kwa jina la asili na heshima, ule ule mpango wa orofa uliomweka mwingine chini. Great George Street wanalinda madirisha yaliyopangwa kwa vyeo. Sisi tunalinda milango, na vyeo tumevihamishia kwenye posa.

Kwa hiyo deni si neno la kishairi tu. Lina walionalo na wanaodai. Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya 1833, ililipa fidia ya pauni milioni 20, na pesa hiyo walipewa wenye watumwa, si watumwa. Ukoo wa Pinney bado ulikuwa mashuhuri. Charles, mtoto wa John, alikuwa meya wa Bristol mwaka 1831, mji ulipochomwa kwa ghasia. Mkopo ambao serikali ilichukua kulipia fidia hiyo haukumalizika kulipwa hadi 2015. Yaani mlipa kodi wa Uingereza, pengine mwenye asili ya Nevis, alikuwa bado anawafidia wamiliki wakati mimi nimo sekondari. Zanzibar nayo, amri ya 1897 iliweka fidia kwa wenye watumwa waliopoteza mali yao. Kote kuwili hesabu ilifanywa kwa makini, kwa pauni na kwa rupia, na kote kuwili ilielekezwa upande mmoja.

Nani basi wa kulipwa? Pero hakuacha anwani. Lakini kuna Fanny Coker, ambaye simulizi yake hunisumbua kwa njia nyingine. Alizaliwa utumwani Nevis mwaka 1767, Pinney akamwacha huru akiwa mtoto wa miaka 11, akaja Uingereza akawa msaidizi wa mke wa Pinney. Alijiunga na kanisa la Kibaptisti la Broadmead. Aliishi hadi 1820. Jamaa zake walibaki watumwa kisiwani. Najaribu kuwaza jinsi mwanamke aliye huru anavyoweza kukaa miaka mingi chini ya paa moja na mwanamume aliye mali, wote wawili weusi, wote wawili wa Nevis, wote wakimhudumia mtu mmoja, na mmoja wao anajua kwamba mama yake ni sehemu ya pesa inayowalisha. Je, Fanny aliipenda nyumba ile? Aliona kwamba madirisha yamelingana? Sioni sababu ya kudhani hakuona. Watu waliodhulumiwa hawanyang'anywi macho. Labda yeye ndiye mtu wa kwanza aliyelazimika kuyashika yote mawili, uzuri na gharama, wala hakuwa na shahada ya kumsaidia.

Nikimfikiria yeye, neno ninalolitafuta si "urithi". Urithi ni mali yako kwa haki ya damu, na ukirithi unajipongeza. Neno ninaloliona linafaa ni amana. Aliyepewa amana hukilinda kitu kuliko chake, hukifuta vumbi, hukifungia mvua isikifikie, na wakati wote anajua kwamba si chake. Mwenye amana anaruhusiwa kukiona kizuri. Hawezi tu kusahau kwamba kuna mtu atakayekuja kukiuliza. Nyumba nambari 7 ikilindwa kwa namna hiyo, orodha ile ya taifa inakuwa stakabadhi: tumepokea kitu hiki, kililipiwa na watu hawa, warithi wao wapo hai.

Najua pia mahali hoja yangu inapoishia. Kujua si kulipa. Kibao cha maelezo ukutani si fidia, daraja lenye jina si fidia, na insha hii si fidia. Wanazuoni wale waliosema swala inasihi hawakumwambia mwenye kuswali akae. Walimwambia arudishe ardhi. Namna ya kurudisha, baada ya karne mbili, ni kazi ya serikali na mahakama na makanisa na koo, na mimi mhifadhi mwanafunzi sina ufunguo wake. Nina wajibu mdogo tu: nisiiandike nyumba kwa namna itakayomfanya anayedai aonekane mgeni mlangoni. Na nikirudi nyumbani, kuna swali la asili ambalo sitalijibu tena kwa kunyamaza.

Huko Nevis, jumba la shamba la Mountravers limebaki magofu, miti imeingia ndani ya kuta. Sukari ilitoka hapo. Bristol, ukuta uliojengwa kwa sukari hiyo unakaguliwa, unazibwa nyufa, na dirisha lake likioza linachongwa jingine kwa vipimo vile vile. Majengo haya mawili yalikuwa mali ya mtu mmoja na yalikuwa nusu mbili za kazi moja. Ukienda kuitazama nyumba nambari 7, nenda, na usimame barabarani uyapende madirisha. Kisha uihesabu na ile nusu nyingine.